Tarakilishi ikikataa kuandika au kusoma, tafuta kwanza ugonjwa uliko

KIJANA mmoja asiyeona aliketi mbele ya tarakilishi katika duka la huduma za intaneti jijini Nairobi, miaka kadhaa iliyopita, akijaza fomu ya kuomba kazi. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa kumi na moja jioni siku hiyo. Mwandishi wa makala haya alikuwa kwenye meza ya pili. Ghafla baobonye likanyamaza. Kila alichobonyeza hakikutokea, na programu iliyokuwa ikimsomea skrini haikutamka herufi hata moja. Mhudumu alilichomoa baobonye, akalichomeka upya, akaleta jingine, na mwishowe akatangaza kwamba mashine ilihitaji kuwekewa Windows upya. Saa tisa na nusu ikawa saa kumi na robo.

Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Alipokuwa akisikiliza maelezo marefu ya fomu, kijana huyo alikuwa amelaza kidole juu ya kitufe cha Shift cha upande wa kulia. Kitufe hicho kikishikiliwa kwa sekunde 8, Windows huchukulia kwamba mtumiaji anaomba huduma iitwayo Filter Keys, ambayo ilibuniwa kwa manufaa ya watu ambao mikono yao hutetemeka. Windows huuliza kwanza kama kweli huduma inatakiwa, lakini yeye alikuwa amebonyeza Enter ili aendelee na fomu, hivyo akawa ameitikia bila kujua. Huduma hiyo ikishawashwa, mbonyezo wa haraka hupuuzwa na ni ule wa kukawia tu unaokubaliwa. Dawa ilikuwa kushikilia Shift ile ile kwa sekunde 8 nyingine. Fomu iliondoka saa kumi na dakika hamsini.

Kisa hiki kinaonyesha kosa ambalo hutendeka kila siku maofisini, vyuoni na madukani. Mtu akishindwa kuandika, au programu ikishindwa kumsomea, hukimbilia kulaumu kifaa au kufuta kila kitu na kuanza upya. Ilhali baina ya kidole na herufi inayotokea kwenye skrini kuna ngazi kadhaa: baobonye lenyewe, mpangilio wa herufi uliochaguliwa katika Windows, huduma za ufikivu, na hatimaye programu inayotumiwa. Hitilafu huwa katika ngazi mojawapo, na swali la kwanza ni ngazi ipi.

Jaribio la kulijibu swali hilo halichukui hata dakika moja. Fungua Notepad, ile programu ndogo ya maandishi matupu inayokuja na Windows, uandike sentensi moja. Ikiwa hitilafu inaonekana hata humo, basi iko katika baobonye au katika mipangilio ya mashine nzima. Ikiwa Notepad inaandika vyema, basi iko katika programu uliyokuwa ukitumia, na hakuna haja ya kununua baobonye jipya wala kuweka Windows upya. Mtu anayetegemea sauti afanye vivyo hivyo: asikilize kama Notepad inasomwa.

<b>Hitilafu inayoenea kila mahali</b>

Mbali na Filter Keys, kuna huduma iitwayo Sticky Keys, inayowashwa kwa kubonyeza Shift mara tano mfululizo. Hiyo huwasaidia wanaotumia mkono mmoja, kwa kuwa Shift, Ctrl au Alt hubaki kana kwamba imeshikiliwa hadi kitufe kingine kibonyezwe. Asiyejua kwamba imewashwa huona herufi kubwa zikijitokeza pasipotakiwa, au herufi moja ikifungua dirisha asilolitaka. Shift mara tano tena huizima. Vitufe vya tarakimu vikianza kuendesha mshale wa kipanya badala ya kuandika nambari, aghalabu ni Mouse Keys, ambayo huwashwa na kuzimwa kwa kubonyeza kwa pamoja Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock. Sauti mbili zikisema kwa wakati mmoja, yamkini Narrator, msomaji wa Windows yenyewe, imewashwa juu ya programu nyingine ya kusoma. Kitufe cha Windows pamoja na Ctrl na Enter huinyamazisha.

Kwenye tarakilishi za mkononi za zamani, Num Lock ikiwaka, vitufe vya j, k, l huandika 1, 2, 3, na u, i, o huandika 4, 5, 6. Wengi wamelipia matengenezo kwa sababu hiyo.

Hapa nchini kuna chanzo kingine ambacho hakizungumziwi vya kutosha. Tarakilishi nyingi zinazouzwa katika maduka ya mitumba zilitoka Uingereza, na baobonye zake zimechapishwa kwa mtindo wa huko. Muuzaji huweka Windows na kuacha mpangilio wa Kimarekani. Matokeo ni kwamba anayebonyeza kitufe kilichochapishwa @ hupata alama ya kunukuu, na anayetafuta alama ya kunukuu hupata @. Alama ya pauni nayo hugeuka kuwa #. Katika barua mtu ataliona kosa na kulirekebisha. Hatari iko kwenye nywila, kwa sababu huko skrini huonyesha vitone pekee. Mtumishi huandika nywila yake sahihi mara tatu, akaunti ikafungwa, na lawama zikamwangukia yeye. Kabla ya jaribio la tatu, fungua Notepad na ubonyeze ile alama moja tu unayoishuku, si nywila nzima. Ikitokea tofauti na ilivyochapishwa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kitufe cha nafasi ili kuona mipangilio iliyomo na kuchagua ule wa Uingereza. Kama haumo, uongeze katika sehemu ya lugha ndani ya Settings. Skrini ya kuingilia nayo ina mpangilio wake, unaoweza kuwa tofauti na ule unaoutumia ukishaingia.

<b>Ng'ombe anapogeuka ngómbe</b>

Inasemwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakina shida katika tarakilishi kwa kuwa kinatumia herufi za kawaida. Si kweli kabisa. Kuna mpangilio uitwao United States-International, unaopendwa na wanaoandika Kifaransa au Kihispania, ambamo kitufe cha ritifaa hakiandiki chochote mara moja. Husubiri herufi inayofuata, na ikiwa ni irabu, huiwekea mkazo. Andika ng'ombe, na utapata ngómbe. Ng'ambo hugeuka ngámbo. Kwa mwandishi wa habari hilo ni kero. Kwa mtu aitwaye Ng'ang'a, ambaye jina lake limeingia katika orodha ya wafanyakazi kama Ngángá, ni mshahara unaochelewa, maana jina hilo halilingani na la kitambulisho.

Tiba ya haraka ni kubonyeza kitufe cha nafasi mara tu baada ya ritifaa, ndipo uandike irabu. Tiba ya kudumu ni kuuondoa mpangilio huo na kubaki na ule wa kawaida.

Hata mpangilio ukiwa sawa, Word ina tabia ya kubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini kwa mashine ni herufi mbili zenye nambari tofauti. Hifadhidata nyingi hazilijui hilo. Jina lililoingizwa kwa ritifaa iliyonyooka halitapatikana na karani anayelitafuta kwa kunakili kutoka barua iliyoandikwa kwa Word. Mwombaji ataambiwa hayumo, ilhali yumo. Ofisi zinazohifadhi majina ya watu zingefanya vyema kuzima badiliko hilo katika sehemu ya AutoCorrect, na kuamua mapema ni ritifaa ipi itakayotumika.

Wanaoandika Gĩkũyũ, Kĩkamba au Kĩmĩrũ wana mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu herufi ĩ na ũ hazimo kwenye baobonye linalouzwa madukani. Watu wengi wamekata tamaa, wakaandika i na u za kawaida na kumwachia msomaji kazi ya kukisia. Kuna njia. Katika Word, andika 0129, uziteue tarakimu hizo nne, kisha ubonyeze Alt pamoja na X: zitageuka kuwa ĩ. Kwa ũ ni 0169. Herufi kubwa ni 0128 na 0168. Kuziteua tarakimu ni muhimu, kwa maana neno likiwa na a, b, c, d, e au f kabla yake, Word huweza kuihesabu herufi hiyo kuwa sehemu ya nambari na kukupa alama usiyoijua. LibreOffice nayo inakubali njia hii. Katika programu nyingine, nakili herufi kutoka Character Map ya Windows.

Anayeandika kurasa nzima hawezi kuishi kwa nambari. Huyo atumie Keyman, programu ya bure inayosimamiwa na shirika la SIL, au ajitengenezee mpangilio wake kwa Microsoft Keyboard Layout Creator, ambayo pia haina malipo. Akijitengenezea, ajihadhari na jambo moja. Mipangilio mingi huweka herufi za ziada chini ya Alt ya kulia, ambayo kwa Windows ni sawa na Ctrl na Alt zikibonyezwa pamoja. Programu yoyote iliyojitwalia Ctrl, Alt na herufi hiyo kuwa njia yake ya mkato itaimeza herufi kabla haijafika kwenye ukurasa. Hapo ndipo utasikia mtu akilalamika kwamba ũ yake hutokea Notepad lakini haitokei katika programu moja tu ya ofisini. Baobonye halina kosa. Futa njia ya mkato hiyo katika mipangilio ya programu, au uihamishe herufi kwenye kitufe kingine. Kwenye Mac, chagua mpangilio wa ABC - Extended, ubonyeze Option na N, kisha i au u.

Kasoro iliyojificha kuliko zote ni hii: ĩ inaweza kuandikwa kwa namna mbili. Kuna herufi moja kamili, na kuna i ya kawaida inayofuatwa na alama ya wimbi iliyo peke yake, yenye nambari 0303. Zote mbili huonekana sawa zikichapishwa. Lakini ukitafuta neno lililoandikwa kwa namna ya kwanza ndani ya hati iliyoandikwa kwa namna ya pili, programu nyingi zitakujibu kwamba halimo. Katika fonti nyingine alama hiyo hukaa kando ya herufi badala ya juu yake. Waandishi wawili wanaoshirikiana kutunga kamusi au kitabu cha shule wanapaswa kukubaliana mwanzoni, na herufi moja kamili ndiyo bora.

<b>Sauti inaponyamaza</b>

Turudi kwa wasioona, ambao kwao hitilafu ndogo hufunga mlango mzima. Programu mbili za kusoma skrini zinajulikana zaidi: JAWS, inayolipiwa, na NVDA, ambayo ni ya bure. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, raia wa Australia asiyeona, ambaye baadaye alishirikiana na mwenzake James Teh, naye asiyeona. Mifano inayofuata ni ya NVDA, kwa kuwa ndiyo ambayo mwanafunzi asiye na fedha anaweza kuipata leo hii. Kitufe chake kikuu ni Insert, ingawa unaweza kuchagua Caps Lock.

Ikinyamaza kila mahali, bonyeza Insert na S, kwani vitufe hivyo hubadilisha hali ya usemaji na ni rahisi kuvigusa kwa bahati mbaya. Endelea kubonyeza hadi sauti irudi. Isiporudi, angalia kama vidude vya masikioni vilichomolewa na sauti ikaelekezwa kwingine. Ikinyamaza ndani ya programu moja tu, huku kwingine ikisema, yaelekea imelazwa usingizi humo: Insert, Shift na S huilaza na kuiamsha, na kila programu ina usingizi wake. Mtu mmoja ninayemjua alikaa wiki mbili akiamini kwamba programu yake ya barua imevunjika.

Hali nyingine inayowachanganya wengi hutokea kwenye kivinjari. Unaandika jina lako katika fomu, na badala ya herufi kuingia, unarushwa kutoka kichwa kimoja hadi kingine cha ukurasa. NVDA iko katika hali ya kuvinjari, ambamo h humaanisha kichwa na k humaanisha kiungo. Insert na kitufe cha nafasi hukupeleka katika hali ya kuandika. Na kama huna hakika kitufe fulani hufanya nini, bonyeza Insert na 1, ujaribu vitufe vyote bila kuharibu kitu, kisha Insert na 1 tena ili utoke.

Kisha kuna hitilafu ambayo mtumiaji hana kosa hata chembe. Tangu mwaka 1997, Microsoft imewapa waandishi wa programu njia ya kuitambulisha kila sehemu ya dirisha kwa jina lake, kazi yake na hali yake. Kitufe kilichoundwa kwa njia hiyo hujitangaza: jina ni Hifadhi, kazi ni kitufe, hali ni tayari. Lakini mwandishi wa programu akichora kitufe chake mwenyewe kama picha na asikipe jina, msomaji wa skrini hukuta ukuta. Atasema "kitufe", "kitufe", "kitufe", au asiseme lolote. Hakuna mpangilio wa Windows utakaoiponya hali hiyo. Kwa dharura, NVDA kwenye Windows 10 na 11 inaweza kuisoma picha yenyewe kwa Insert na R, na kukuwezesha kuchagua neno lililotambuliwa. Ni mkongojo, si mguu.

Kabla ya kuihukumu programu, hata hivyo, hakikisha mambo mawili. Ikiwa imeandikwa kwa lugha ya Java, kama zilivyo baadhi ya programu za uhasibu, inahitaji daraja liitwalo Java Access Bridge, ambalo huwashwa kwa amri ya jabswitch -enable, kisha programu ifungwe na kufunguliwa upya. Na ikiwa imefunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, NVDA inayoendeshwa kutoka kwenye diski ndogo bila kuwekwa ndani ya mashine haitaruhusiwa kuisoma. Omba iwekwe rasmi.

Wanaotumia Linux wana Orca ya kusoma na IBus au Fcitx za kuingiza herufi. Huko chanzo cha kawaida ni programu zilizofungiwa ndani ya vifurushi vya Flatpak au Snap, ambazo huenda zisiufikie mfumo wa herufi wa nje. Jaribu toleo la kawaida la programu hiyo hiyo kabla ya kuhangaika na mengine.

<b>Lugha na sauti</b>

Malalamiko ya mwisho ni kwamba tarakilishi husoma Kiswahili kana kwamba ni Kiingereza. "Wake" husikika "weik", na "pole" hupoteza irabu yake ya mwisho. Hii si hitilafu ya kifaa bali ni sauti isiyofaa. NVDA huja na eSpeak NG, ambayo inajua Kiswahili: bonyeza Insert, Ctrl na V, kisha uchague lugha hiyo. Sauti yake ni ya kimashine na haitamfurahisha mpenda ushairi, lakini kila silabi hutamkwa.

Mwandishi wa hati ana wajibu pia. Word huipa kila aya lebo ya lugha, na tarakilishi nyingi nchini huweka lebo ya Kiingereza cha Marekani. Ndiyo maana ukurasa wa Kiswahili hujaa mistari myekundu. Teua maandishi yote, nenda kwenye Review, kisha Language, uchague Kiswahili cha Kenya. Mistari hupungua, na msomaji wa skrini unaobadilisha sauti kulingana na lebo hupata kujua atumie ipi. Kitendo kimoja hutibu mawili.

Katiba ya 2010 iliziweka lugha za wenyeji na mawasiliano ya wenye ulemavu chini ya kifungu kimoja, cha 7(3), na Kifungu cha 54 kinawapa watu hao haki ya kupata vifaa vya kuwawezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wao. Ofisi inayonunua programu mpya kwa hiyo ina swali la kumwuliza muuzaji kabla ya kulipa, si baada ya karani asiyeona kuajiriwa. Mwombe achomoe kipanya, azime skrini, awashe NVDA, na atoe risiti moja kwa kutumia baobonye pekee. Aandike jina la mteja kuwa Wanjikũ Ng'ang'a. Kisha afunge programu, aifungue tena, na alitafute jina hilo.